Sura ya Sita: Chakula cha Kambini kwa Bajeti Ndogo

Gharama ya chakula cha kambini huamuliwa sokoni na jikoni nyumbani, kabla safari haijaanza. Msafiri anayefika Naivasha, Lushoto au Mto wa Mbu mikono mitupu huishia kununua mkate, maji na soseji kwa bei ya duka la karibu na geti, na mlo mmoja wa hotelini huweza kumaliza fedha ambazo zingelisha watu wanne kutwa nzima. Aliyenunua sokoni mapema, akachambua, akaosha na kupima kila kitu nyumbani, hupika kwa dakika chache na hatupi chochote.

Vyakula vyenyewe ni vile vile vinavyolisha nyumba nyingi za Afrika Mashariki: unga, mchele, jamii ya kunde, dagaa, mayai, viazi, kabichi, karanga. Vyakula vya pakiti vya wapanda milima, vile vinavyoagizwa kutoka nje na kumwagiwa maji ya moto tu, ni vyepesi kubeba lakini bei yake haina uhusiano na kilichomo ndani. Linalohitajika ni kujua ni vyakula gani vya kawaida vinavyovumilia safari. Mambo manne huamua: uzito, muda wa kukaa bila kuharibika, maji ya kupikia na kuoshea vyombo, na moto. Moto ndio unaosahaulika zaidi. Kilo ya maharage makavu ni rahisi sokoni, lakini maharage yanayotokota saa moja na nusu juu ya mtungi mdogo wa gesi hugharimu zaidi ya dengu zinazoiva kwa dakika 15.

Moto, mwinuko na muda wa kuiva

Kwenye usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzijoto 100. Kwa kila mita 300 za kupanda, kiwango hicho hushuka kwa karibu nyuzi moja. Anayepiga kambi ufukweni Watamu au Pangani hana la kuhofia. Naivasha, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Horombo, kambi ya Kilimanjaro iliyo mita 3,720, ni nyuzi 88 hivi, na kambi ya Shipton's katika Mlima Kenya, mita 4,200, ni nyuzi 86. Kuongeza moto hakusaidii kitu, kwa kuwa maji yanayotokota hayapandi joto zaidi. Yanaishia kuwa mvuke, na gesi inaisha. Ndiyo maana wali unaoiva vizuri Dar es Salaam hubaki na kiini kigumu mlimani, na maharage huweza kuchemka nusu siku bila kulainika.

Maharage yana hatari nyingine pia, hasa yale mekundu. Yakiwa mabichi yana sumu ya asili inayosababisha kutapika na kuharisha, nayo huondoka tu yakichemka kwa nguvu kwa dakika zisizopungua kumi. Joto la nyuzi 80 haliiondoi. Kwa hiyo maharage hayafai kuivishwa kwa chupa ya chai wala kwa sufuria iliyofunikwa blanketi, na hayafai kabisa kupelekwa mabichi kwenye miinuko mikubwa. Yachemshwe nyumbani hadi yaive, kisha yaliwe usiku wa kwanza.

Badala yake zipo choroko, ambazo Wakenya wengi huziita ndengu na watu wa pwani pojo. Zikilowekwa usiku kucha huiva kwa dakika 20 hadi 30. Dengu nyekundu zilizoparazwa, zile zinazouzwa Zanzibar kwa jina la adesi, hazihitaji hata kulowekwa, na ndizo chakula bora cha jamii ya kunde kwa anayepanda mlima. Ni nyepesi, huiva haraka, na zikipikwa na kitunguu, bizari na kipande cha tangawizi zinakuwa mchuzi mzito wa kulia chapati au wali.

Chupa ya chai yenye mdomo mpana ni jiko la pili lisilohitaji kuni wala gesi. Asubuhi, choroko zilizolowekwa huchemshwa kwa dakika kumi wakati chai ikiandaliwa. Chupa hutiwa kwanza maji ya moto ili ipate joto, maji hayo hutolewa, kisha choroko humiminwa pamoja na maji yake yakiwa bado yanatokota, na chupa hujazwa hadi karibu na mdomo. Nafasi tupu ndani ya chupa hupoteza joto. Kufikia mchana choroko zimeiva njiani, na kinachobaki ni kuongeza chumvi, nyanya na kitunguu kibichi kilichokatwa. Zisikae ndani ya chupa kwa zaidi ya muda wa saa tano, kwa sababu chakula kilichoshuka chini ya nyuzi 60 huwapa bakteria nafasi ya kuzaliana.

Kanuni hiyo hiyo huivisha wali. Kikombe kimoja cha mchele kwa vikombe viwili vya maji huchemshwa kwa dakika kumi, sufuria ikifunikwa vizuri. Kisha huondolewa motoni na kuzungushiwa blanketi au leso mbili nzito, ikaachwa dakika 25 bila kufunuliwa. Mvuke uliofungiwa ndani humaliza kazi, na jiko liko huru kwa mchuzi. Mlimani, ambako maji hayapati joto la kutosha, dakika za motoni huongezwa mpaka mchele ulainike.

Kuchemsha lita moja ya maji kwa jiko dogo lililokingwa upepo hutumia takribani gramu 15 za gesi. Bila kinga ya upepo, matumizi hupanda sana. Jiwe, kuta za shimo dogo au ubao uliosimamishwa upande unakotoka upepo huokoa fedha, mradi mtungi wenyewe usizibwe pande zote ukapata joto. Kwa watu wanne na siku mbili za kupika kwa uangalifu, mtungi wa kilo 3 unatosha na kubaki. Mkaa ni nafuu kwa kundi kubwa linalosafiri kwa gari, ila hauwashwi kamwe ndani ya hema, hata kwa ajili ya kuota, kwa kuwa hewa yake ya sumu haina harufu na huua watu wakiwa usingizini.

Kuni zina sheria zake. Kilimanjaro hairuhusiwi kuokota kuni wala kuwasha moto wa wazi, na sababu yake iko wazi kwa kila aliyeona nyasi na vichaka vya mlimani wakati wa kiangazi. Moto mkubwa wa Oktoba 2020 ulianzia eneo la Whona, kati ya kambi za Mandara na Horombo, na taarifa za mwanzo za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa la Tanzania, zililihusisha tukio hilo na upashaji wa chakula. Katika kambi zinazoruhusu moto, kuni huuzwa mara nyingi getini, na gharama yake iingizwe kwenye bajeti tangu nyumbani.

Kinacholiwa kwanza na kinachosubiri

Mpangilio wa milo hufuata kile kinachoharibika upesi. Nyama mbichi ni ya usiku wa kwanza tu. Ikikatwa vipande, ikatiwa chumvi, ndimu na tangawizi, kisha ikagandishwa usiku kucha kabla ya safari, hufika kambini ikiwa bado baridi na viungo vimeshaingia. Chupa ya maji iliyogandishwa ikiwekwa kando yake hufanya kazi ya barafu, na baadaye hunywewa. Mboga za majani, mchicha na sukuma wiki, nazo ni za siku ya kwanza au asubuhi ya pili. Kabichi nzima isiyokatwa hukaa zaidi ya wiki moja kivulini, hali kadhalika karoti, vitunguu na viazi. Nyanya zichaguliwe ngumu, zile zilizoanza tu kubadilika rangi, na parachichi lichukuliwe likiwa bado gumu ili liivie safarini.

Mayai ni chakula chenye thamani kubwa kwa bei yake. Hubebwa salama yakizikwa ndani ya kopo la unga au mchele, ambao hata hivyo ungebebwa. Yasioshwe kabla ya safari, kwa maana kuosha huondoa utando unaoziba vitundu vya ganda. Yakishachemshwa yaliwe siku hiyo hiyo.

Chapati huliwa siku mbili, hata tatu penye baridi, kwa sharti moja ambalo wengi hulikiuka: zipoe kabisa kabla ya kufungwa kwenye kitambaa. Chapati zilizofungwa zikiwa na mvuke huota ukungu. Siku ya pili, zikianza kukakamaa, hukatwa vipande vyembamba na kukaangwa na kitunguu, hoho na mayai. Njia ya Uganda ni nzuri vilevile: mayai yaliyopigwa pamoja na kabichi na nyanya hukaangwa bapa, chapati ikalazwa juu yake, vyote vikakunjwa pamoja. Rolex, kama kinavyoitwa chakula hicho, hutumia kikaango kimoja na haihitaji sahani.

Kwa safari ndefu, vitoweo vikavu ndivyo mkombozi. Wafugaji wa kaskazini mwa Kenya wana nyirinyiri, nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikakaushwa, ikakaangwa na kuhifadhiwa ndani ya mafuta, inayokaa wiki kadhaa bila friji. Pwani kuna ng'onda, samaki wa chumvi, ambaye hulowekwa kabla ya kupikwa na kwa hiyo hufaa pale tu penye maji ya kutosha.

Dagaa wanastahili maelezo zaidi, kwa kuwa ni rahisi, wana protini nyingi na hawana uzito. Kosa la kawaida ni kuwabeba jinsi walivyotoka sokoni. Dagaa walioanikwa chini huwa na mchanga, na kuwaosha kambini humaliza maji. Kazi hiyo hufanywa nyumbani: vichwa na matumbo huondolewa, dagaa huoshwa kwa maji ya moto mpaka maji yatoke safi, kisha huanikwa juani. Wakikauka hukaangwa kwa mafuta kidogo juu ya moto wa wastani, wakigeuzwa bila kuachwa, mpaka wavunjike kwa sauti ukiwabana kati ya vidole viwili. Chumvi na pilipili ya unga hutiwa mwishoni, na kamulio la ndimu huachwa hadi wakati wa kula, kwa sababu unyevu wake huwalainisha. Wakipoa huingia kwenye mkebe mkavu wenye kifuniko. Dagaa hao hutafunwa njiani pamoja na karanga, au huongezwa kwenye mchuzi wa nyanya dakika tano kabla ya kuipua.

Unga kambini

Ugali unaonekana kuwa jibu la moja kwa moja: gramu 150 hadi 200 za unga humshibisha mtu mzima, na maji yake ni machache. Shida ni jiko. Majiko madogo ya gesi yana miguu myembamba, na nguvu ya mwiko huyaangusha. Anayetaka kusonga ugali aweke sufuria juu ya mafiga matatu imara, au mtu wa pili aishike kwa vitambaa. Apike mdogo mdogo badala ya sufuria moja kubwa. Ukoko unaobaki hulowekwa mara moja, la sivyo utahitaji maji mengi ya kuosha.

Uji hauna matatizo hayo. Unga wa ulezi, maziwa ya unga, sukari na chembe za chumvi huchanganywa nyumbani na kufungwa kwa vipimo vya kila asubuhi. Kambini, mchanganyiko hukorogwa kwanza na maji ya baridi usije ukapata madonge, kisha humiminwa kwenye maji yanayochemka. Gramu 60 kwa kila mtu zinatosha. Kijiko cha siagi ya karanga huongeza nguvu sana: gramu 100 za karanga hutoa takribani kilokalori 570, wakati kiasi hicho cha unga wa mahindi hutoa kama 360. Penye baridi tofauti hiyo husikika mwilini.

Tambi nyembamba nazo huiva upesi. Zikikaangwa kwa mafuta mpaka ziwe na rangi ya dhahabu, kisha zikatiwa maji kidogo, sukari na iliki, huwa kifungua kinywa cha kipwani kinachochukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai.

Penye moto wa kuni, majivu ya moto yatumike kabla hayajapoa. Viazi vitamu vikizikwa kwenye majivu huiva kwa takribani dakika 45 na havihitaji sufuria wala mafuta. Ndizi mzuzu huchomwa na ganda lake. Muhogo uchomwe tu ukiwa wa aina tamu na umenunuliwa kwa mtu anayejua shamba ulikotoka, kwani muhogo mchungu una sumu ambayo kuchoma peke yake hakuiondoi. Samaki mbichi, akipatikana kwa wavuvi wa karibu, hufungwa kwenye jani la mgomba lililopitishwa motoni likalainika, kama wafanyavyo wapishi wa liboke nchini Kongo.

Mfano: watu wanne, usiku mbili, Hell's Gate

Kundi la watu wanne linalotoka Nairobi Ijumaa mchana kwenda Hifadhi ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, linaweza kununua viazi, karoti na kabichi njiani, Soko Mjinga, ambako mazao ya mashamba ya jirani huuzwa kando ya barabara kwa bei nzuri kuliko ya mjini. Vitu vikavu vyote vinatoka nyumbani.

Ijumaa jioni huliwa githeri. Robo kilo ya maharage na robo kilo ya mahindi vimechemshwa nyumbani asubuhi hiyo, vikachujwa maji na kubebwa vikiwa baridi. Kambini huungwa na vitunguu viwili, nyanya, karoti na viazi vinne, na kabichi kidogo mwishoni. Sufuria moja, dakika 30. Choroko gramu 300 hulowekwa usiku wa Ijumaa huo huo na maji yake hubadilishwa asubuhi.

Jumamosi asubuhi kuna uji na chapati. Mayai manane huchemshwa wakati huo huo, yawe ya mchana pamoja na mkate, matango, karanga na ndizi mbivu. Mlo wa mchana usiohitaji moto unafaa hifadhini, kwa sababu wageni wa Hell's Gate hutembea kwa miguu au kwa baiskeli na hawarudi kambini hadi jioni. Jioni hupikwa nusu kilo ya mchele, ambao mawe na chuya zake zimechambuliwa nyumbani mchana kweupe, kwani hakuna anayeweza kuchagua mchele kwa tochi. Choroko huungwa kwa kitunguu, kitunguu saumu, bizari na tui la unga lililokorogwa kwenye maji vuguvugu. Dagaa wa mkebeni huwa pembeni.

Wali uliobaki usilazwe kwa ajili ya asubuhi. Ndani yake kuna vijidudu ambavyo mbegu zake hustahimili kuchemshwa, nazo huamka wali ukikaa vuguvugu. Kupasha upya hakuondoi sumu ambayo vijidudu hivyo vimekwisha kuitoa. Kipimo sahihi, gramu 125 za mchele kwa mtu, huondoa tatizo hilo tangu mwanzo. Jumapili, chapati zilizobaki hukaangwa na mayai manne ya mwisho na nusu ya kabichi, parachichi likakatwa juu yake, na chai ya tangawizi.

Kwa milo hiyo yote kundi linahitaji takribani nusu lita ya mafuta, robo kilo ya sukari, majani ya chai, chumvi, na mayai 12. Nyama, kitu pekee ambacho kingehitaji barafu, haimo.

Maji, vyombo na wanyama

Maji huhesabiwa kwa mtu: lita tatu za kunywa na mbili za kupikia na kuosha, kwa siku. Yakitoka mtoni au bombani pasipojulikana, yachemke dakika moja kamili, na juu ya mita 2,000 dakika tatu. Kenya imepiga marufuku mifuko ya plastiki tangu tarehe 28 Agosti 2017 na Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019. Katika hifadhi za Kenya, tangu tarehe 5 Juni 2020, chupa za maji, vikombe na vijiko vya plastiki vya kutumia mara moja navyo haviruhusiwi. Dumu la maji, mikebe yenye vifuniko, mifuko ya kitambaa na sahani za bati hukidhi sheria na hutumika miaka mingi, kwa hiyo gharama yake hugawanyika kwa safari nyingi.

Chakula hakilazwi ndani ya hema. Nyani na tumbili hufungua zipu mchana, fisi huja usiku, na tembo huvutwa na harufu ya matunda, hasa machungwa. Palipo na banda la kupikia lenye wavu, chakula chote kihifadhiwe humo, na pasipo na banda, kifungiwe ndani ya gari. Kuwalisha nyani ni hatari kwa wageni wanaofuata, kwa kuwa mnyama aliyezoea mkate wa wageni huanza kuunyang'anya.

Vyombo husuguliwa kwa majivu au sabuni kidogo, mbali na kisima na mto, na maji machafu humwagwa kwenye ardhi kavu hatua nyingi kutoka kwenye hema. Maganda ya ndizi na ya mayai hayatupwi porini kwa kisingizio kwamba yataoza. Hubebwa kwenye mkebe uliokwisha chakula hadi kwenye pipa la getini. Moto wa kuni humwagiwa maji na kukorogwa, kisha kumwagiwa tena, mpaka majivu yashikike kwa mkono mtupu.